Uainishaji wa Elementi za HTML katika Zana ya Javadoc: Umbo, Uhusiano na Ufikivu

Utangulizi

Javadoc ni zana inayochukua maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo wa lugha ya Java na kuyageuza kuwa kurasa za HTML. Kwa miaka mingi iliyapokea maelezo hayo bila kuihakiki HTML iliyomo. Toleo la 8 la Java, lililotolewa mwaka 2014, lilileta kihakiki kiitwacho DocLint, na nyaraka za miradi mingi zilizokuwa zikizalishwa bila tatizo zikaanza kukataliwa. Makala haya yanaeleza misingi ya uainishaji wa kihakiki hicho, na yanadai kwamba matumizi yake ni suala la sera, si la ufundi pekee.

Misingi ya Uainishaji

DocLint huziainisha elementi kwa vigezo viwili vikuu. Cha kwanza ni nafasi: zipo elementi za bloku, kama vile aya na orodha; za ndani ya mstari, kama vile maandishi yaliyokolezwa; vijenzi vya orodha; na vijenzi vya jedwali. Cha pili ni ufungaji: maandishi yaliyokolezwa ni lazima yafungwe, aya yaweza kufungwa au kuachwa, picha haina tagi ya kufunga kabisa.

Kinachozingatiwa hapa ni uhusiano wa elementi na jirani zake, si sura yake. Mwanaisimu wa Kiswahili analifahamu jambo hili: neno "kiboko", mnyama, lina umbo la KI-VI, ilhali upatanisho wake ni wa A-WA.

Tuchukue mfano. Mwandishi anafungua aya, anaweka orodha ndani yake, kisha anaifunga aya. Machoni, ukurasa hauna kasoro. Hata hivyo, aya haipokei bloku. Orodha inapoanza, aya huhesabiwa kuwa imekwisha. Tagi ya kufunga iliyo mwishoni hukosa cha kufunga, na kosa huripotiwa hapo, mbali na chanzo chake.

Athari

Baadhi ya watunga programu walikabiliana na makosa ya aina hii kwa kukizima kihakiki chote. Uamuzi huo huondoa pia ukaguzi wa picha zisizo na maelezo mbadala, majedwali yasiyo na anwani wala muhtasari, na vichwa vinavyoruka ngazi. Anayeona huenda asizitambue kasoro hizo. Anayeumia ni msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ilhali DocLint ina makundi matano ya ukaguzi, yaani ufikivu, HTML, maelezo yanayokosekana, marejeo na sintaksia, na kila moja laweza kuzimwa peke yake.

Hitimisho

Taasisi za umma zinazoagiza programu za Java zinashauriwa kuweka sharti katika mikataba yao kwamba kundi la ufikivu lisizimwe. Makundi mengine yaweza kulegezwa kwa muda katika msimbo wa zamani, wakati marekebisho yakiendelea.