Msaada au Ruzuku?

Mfasiri akutanapo na habari za okestra ya Ulaya iendeshwayo kwa fedha za umma, hupatwa na mashaka mawili. La kwanza ni jepesi: kwetu okestra ni bendi ya dansi, kama Orchestra Makassy; basi na iitwe okestra ya simfoni. La pili ni zito. Fedha hizo ni msaada au ruzuku?

Msaada hutegemea hiari ya mtoaji. Ruzuku hutolewa ili kazi fulani itendeke. Hati ya 1946 iliyoliunda Baraza la Sanaa la Uingereza iliagiza umma urahisishiwe kuzifikia sanaa. Ndiyo sababu okestra zipatazo ruzuku hutarajiwa kupeleka wapigaji mashuleni na mitaani. Kazi hiyo twapendekeza iitwe ufikishaji, maana uenezi umekwisha kutwaliwa na vyama vya siasa.

Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilianza kuigharimia okestra ya jiji hilo mwaka 1920. Mwaka 2024 iliamua kupunguza ruzuku hiyo kwa nusu, kisha kuikomesha mwaka uliofuata. Mfasiri aandikaye kwamba “msaada umekatwa” humfanya msomaji adhani kuwa waliopoteza ni wanamuziki peke yao.