Ganda la Embe na Jina la Kilichomo

Majira ya mvua yanapoanza, tangu Mitwaba hadi masoko ya Lubumbashi, maembe hujaa na maganda yake hutupwa jalalani. Ganda huchukua kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa tunda, nalo lina wingi wa kemikali ambazo wanafunzi wetu huzijua kwa jina la Kifaransa tu. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya kemikali hizo, na kuuliza tuziiteje kwa Kiswahili.

Tuanze na tendo lenyewe. Katika nchi hii iliyowahi kuitwa Shaba (1971–1997), kila mtu ameona shaba iliyong'arishwa ikififia hewani. Vivyo hivyo chuma hushika kutu, na ndizi iliyomenywa hugeuka rangi. Hayo ni matokeo ya oksidisho, yaani kitu kupoteza elektroni, mara nyingi kwa kukutana na oksijeni. Mwilini nako hutokea chembe zilizopungukiwa elektroni, zinazozinyang'anya seli. Kemikali tunazozizungumzia huzipa chembe hizo elektroni, zikatulia.

Mti huzilimbikiza gandani kwa kuwa ganda ndilo linalokabili jua, wadudu na ukungu. Ganda la embe lina mangiferini na karotenoidi. La chungwa lina hesperidini, iliyotambuliwa na Mfaransa Lebreton mwaka 1828.

Ama kuhusu jina, wengi husema "viondoa sumu". Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, chembe zile si sumu iliyoingia kutoka nje: mwili huzizalisha wenyewe unapotumia chakula, na huzitumia kuua vijidudu. Pili, jina hilo laahidi tiba. Alisikiaye hudhani maji ya maganda yaweza kushika nafasi ya dawa, ilhali lililoonekana katika chupa ya maabara si lazima litokee kwa mgonjwa. Tena mwembe ni jamaa ya mkorosho. Utomvu wa ganda lake huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Kwa hiyo napendekeza "vizuiaoksidisho". Ni neno refu, lakini hutaja tendo linalozuiwa, wala halitoi ahadi. Auzaye unga wa maganda sokoni ataweza kuulizwa: unazuia oksidisho lipi, na mahali gani? Penye neno "sumu", swali hilo haliulizwi.