Mtu Hupimwa kwa Anachokithamini

Wahenga walisema: Kipenda roho hula nyama mbichi. Methali hii hutumiwa sana barazani, mtu anapotaka kumcheka mwenziwe aliyefanya jambo la ajabu kwa ajili ya mapenzi. Lakini sisi twaiona kuwa ni funzo kubwa kwa kila anayeshika kalamu ili atunge hadithi. Ukijua roho ya mtu yapenda nini, utajua ni nyama gani atakubali kuila mbichi. Na mtungaji asiyejua jambo hilo juu ya mtu aliyemwumba mwenyewe, hamjui mtu huyo hata kidogo, ijapokuwa amempa jina, kazi, sura na nyumba ya kukaa.

Twayasema haya kwa sababu hadithi na michezo ya kuigiza inayotungwa kwa ajili ya wafanyakazi mara nyingi ina kasoro moja. Ndani yake mna mfanyakazi mwema, ambaye ni mwema tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho; na mna tajiri mwovu, ambaye hata akinywa chai huinywa kwa uovu. Wote wawili hawana kitu wanachokiogopea. Mwema haponzwi na jambo lolote, na mwovu hapendi kitu chochote. Matokeo yake ni kwamba msomaji hujua mwisho kabla hajafika katikati, akakifunga kitabu na kwenda zake kulala. Nani atamlaumu? Mtu aliyeshinda kutwa kiwandani au bandarini hana saa za kutupa.

Wako watakaosema kwamba kumwonyesha mfanyakazi bila doa ni kumtukuza. Sisi hatukubali. Kumfanya mtu sanamu isiyo na tamaa wala hofu ni kumnyima utu wake, na jambo hilo waajiri wabaya wamekwisha kulifanya kwa muda mrefu sana, walipomhesabu mfanyakazi kuwa ni mikono miwili tu. Haifai watungaji wetu nao wamhesabu kuwa ni mdomo wa kutoa hotuba.

Basi na tuwatazame waliotutangulia. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa na desturi ya kuwapa watu wake majina yanayotangaza tabia zao. Katika Adili na Nduguze mmoja ni Adili, na nduguze wawili ni Hasidi na Mwivu. Mtu asiyesoma kwa makini aweza kudhani kuwa kazi ya mtungaji imekwisha pale pale kwenye jina. Haikwisha hata kidogo. Hasidi na Mwivu walimtupa ndugu yao baharini kwa husuda, na kwa sababu hiyo jini Huria, aliyekuwa na deni la wema kwa Adili, aliwageuza wakawa manyani, akaamuru wapigwe kila usiku. Na nani awapige? Adili mwenyewe. Hapo ndipo mtungaji alipouonyesha ufundi wake. Adili hupiga kwa sababu ameamriwa, kisha huwabembeleza manyani hao na kuwalisha, kwa maana ni damu yake. Mtu huyu ana vitu viwili anavyovithamini, utii na udugu, na kila usiku kimoja humpasa akiumize kingine. Jina lake latuambia kuwa ni mwadilifu; mjeledi mkononi mwake ndio unaotuambia uadilifu huo unamgharimu kiasi gani.

Tumtazame na Karama wa Kusadikika. Yeye alishtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Angeweza kuomba radhi, akarudi nyumbani. Badala yake aliomba nafasi ya kujitetea, akasema kwa siku sita, akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya faida kwa nchi, lakini malipo yao yakawa kifungo. Kila siku aliyosimama mbele ya baraza ilikuwa siku ya kuuweka uhai wake rehani kwa ajili ya haki. Hatuhitaji kuambiwa kuwa Karama aipenda haki. Twaiona bei anayokubali kuilipa. Na Majivuno je? Naye ana kitu chake anachokithamini, nacho ni cheo. Watu wakijua sheria, watauliza maswali. Wakiuliza maswali, waziri hatakaa kitini kwa raha. Kwa hiyo chuki yake haikutoka hewani. Imetoka katika hofu ya kupoteza akipendacho, kama ilivyo chuki nyingi tunazozijua sisi wenyewe katika maisha.

Katika hadithi zilizofuata, njia hiyo ilizidi kupanuka. Mohamed Suleiman Mohamed alikiita kitabu chake cha mwaka 1972 Kiu, na jina hilo peke yake ni somo. Bahati ana kiu ya mapenzi, Idi ana kiu ya fedha, na Mwinyi, mzee mwenye mali, ana kiu ya Bahati. Mara tu ukizijua kiu hizo tatu, waiona hadithi ikianza kwenda kwa miguu yake yenyewe, kwa maana maji ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Shafi Adam Shafi naye alitupa Kijakazi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, kilichochapishwa mwaka 1978. Mama huyu mtumishi anaithamini kazi ya kumtumikia bwana wake kuliko nafsi yake mwenyewe. Mtungaji dhaifu angemfanya awe mwanamapinduzi tangu ukurasa wa pili, ili atufurahishe. Shafi hakufanya hivyo. Alimwacha Kijakazi aushikilie uaminifu wake hata pale unapodharauliwa, mpaka sisi wasomaji tukatamani kumshika bega na kumzindua. Hasira tunayoipata kwa niaba yake inatufundisha juu ya unyonge wa mtumishi kuliko hotuba kumi. Tena katika Kuli, kitabu cha mwaka 1979, twamwona Rashidi, kijana wa Unguja, akiingia katika kazi ile ile ya bandarini aliyoifanya baba yake, mpaka tunafika kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Rashidi hakuzaliwa shujaa. Alikuja kuwathamini wenzake hatua kwa hatua, na kila hatua ilimgharimu. Ndiyo maana tunamsadiki.

Sasa tuseme kijana mmoja wetu ataka kutunga hadithi ya mweka hazina wa tawi la chama cha wafanyakazi. Wenzake wamegoma kwa wiki tatu. Michango ya kuwasaidia wenye watoto imo ndani ya kisanduku cha bati chini ya kitanda chake. Mwanawe ameshikwa na homa kali, na dawa ina bei. Mtungaji mwenye haraka atauliza: Mtu huyu ni mwaminifu au ni mwizi? Swali hilo ni dogo. Laiti angeuliza: Mtu huyu anathamini nini kuliko vyote?

Yeye mwenyewe, ukimwuliza, atakujibu kuwa anathamini uaminifu. Mkewe atakwambia hivyo hivyo, na wenzake wote watakubali. Lakini tumfuate usiku ule. Amekivuta kisanduku, akakishika ufunguo, kisha akakirudisha mahali pake. Vema, hakuiba. Ila njia moja ilikuwa wazi kwake tangu magharibi: kwenda kwa jirani, mjumbe mwenziwe wa kamati, akamwambie, “Ndugu, mtoto wangu ni mgonjwa, nami sina kitu, naomba kamati inifikirie kama mnavyowafikiria wengine.” Maneno hayo hayavunji sheria yoyote ya chama. Mbona hakwenda? Kwa sababu katika maisha yake hajapata kuomba. Yeye ndiye anayeandika majina ya waombaji katika daftari. Jina lake mwenyewe halikupata kuandikwa humo. Basi kumbe alichokithamini kuliko vyote hakikuwa uaminifu, bali ni ile heshima ya kuwa mtu asiyeomba. Na heshima hiyo, usiku ule, inakaribia kumwua mtoto.

Hapo, ndugu msomaji, tumempata mtu. Hatuhitaji tena kueleza kuwa ni mrefu au mfupi. Twajua atatembea vipi akienda kwa jirani alfajiri, kama atakwenda. Twajua mkono wake utasita wapi kabla ya kubisha hodi. Twajua pia kwa nini mkewe, aliyekuwa akimwangalia kimya, ataanza kulia atakapousikia mlango ukifunguliwa. Na tukimaliza kusoma, huenda tukajiuliza sisi wenyewe, ni mara ngapi tumekiita kiburi chetu kwa jina la wema.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa vijana wanaotunga ni huu. Kabla hujaandika neno la kwanza, ujue kitu ambacho mtu wako hawezi kukitoa kwa bei yoyote. Usitutajie kitu hicho. Tuonyeshe jinsi anavyokitunza, kwa maana mtu hufunika vizuri kile anachokipenda. Kisha mpelekee mtu atakaye kumnyang'anya. Ikiwezekana, mwekee vitu viwili anavyovipenda, na njia iwe nyembamba kiasi cha kupitisha kimoja tu. Wala usiwasahau watu wabaya. Tajiri anayewapunja wafanyakazi wake huenda anamwogopa mkopeshaji wake, au anatamani marehemu baba yake angalimwona mtu wa maana. Kuyajua hayo si kumsamehe. Daktari anayeujua ugonjwa hausamehi. Anajua mahali pa kuukata.

Tena yafaa tujihadhari na mgeuko wa ghafla. Mtu haachi anachokithamini kwa kusikia hotuba moja mkutanoni. Hukiacha kwa maumivu, baada ya kushindwa kukitetea, na mara nyingi hubakia akikikumbuka. Mtungaji anayempindua mtu wake kwa ukurasa mmoja amewadanganya wasomaji ambao wao wenyewe wamepata kuacha mambo, nao wanajua ilikuwa kazi ngumu.

Mwisho twawageukia wasomaji. Kipimo hiki si cha vitabu peke yake. Sote twasikia maneno mengi mazuri, mikutanoni na majumbani, juu ya mambo ambayo kila mmoja anadai kuyapenda. Hadithi nzuri hutuzoeza kutazama upande wa pili: mtu huyu, siku ilipomlazimu kuchagua, alikiokoa kitu gani, na kipi alikiacha kizame? Msomaji aliyezoea kuuliza hivyo juu ya Karama na Majivuno hatadanganywa upesi na wasemaji wa kweli. Na akiwa mtu wa haki, usiku mmoja atajiuliza swali hilo hilo juu ya nafsi yake, mlango ukiwa umefungwa na hakuna wa kumsikia.