Intaneti ya Biashara Katika Delta: Ya Kuuliza Kabla ya Kulipa na Ya Kudai Baada ya Kufungiwa

Kata ya Kiongoroni, wilayani Kibiti, imo ndani ya delta ya Mto Rufiji, katikati ya msitu mkubwa wa mikoko. Barabara huishia Nyamisati au kwenye diko jingine la pembezoni, na safari iliyobaki ni ya chombo, nayo husubiri maji. Mfanyabiashara wa huko anayetaka intaneti ya kudumu anahitaji maelezo zaidi ya yale anayopewa mwenzake wa Kariakoo, kwa kuwa huduma ileile, kwa jina lilelile na bei ileile, hufanya kazi kwa namna tofauti inapovuka maji.

Tuchukue mfano, tuliouunda kwa ajili ya maelezo haya tu, wa mwenye duka la steshenari ambaye pia ni wakala wa fedha kwa simu. Wateja wake humjia ili awaombee leseni za biashara kupitia mfumo wa TAUSI, awachapie namba za malipo ya Serikali, na msimu unapofika awasaidie vijana kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Mtandao ukikatika kwa siku mbili, yeye hupoteza mapato ya siku mbili. Kijana ambaye dirisha la maombi limefungwa kabla hajawasilisha fomu yake huweza kupoteza mwaka mzima. Hicho ndicho kipimo tunachomshauri mfanyabiashara akitumie anapochagua huduma: asiulize tu bei ya mwezi, ajiulize pia siku moja ya kukosa mtandao inamgharimu nini.

Intaneti ya Tanzania huingia nchini kwa sehemu kubwa kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ikiwamo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, kisha husambazwa bara kwa nyaya za mkongo. Mkongo hufuata barabara kuu na miji. Hakuna sababu ya kutarajia uchimbiwe mtaro kupita kwenye tope la mikoko ili ufike kwenye duka moja, hivyo kipande cha mwisho cha safari huwa ni cha mawimbi ya redio. Huweza kuwa laini ya simu ndani ya ruta inayonasa mnara wa karibu, au antena maalumu iliyoelekezwa kwenye mnara ulio mbali, au dishi la satelaiti.

Ruta yenye laini ya simu ndiyo nafuu na ndiyo ya kuanzia palipo na mnara unaoshika vizuri. Udhaifu wake ni kwamba mnara huo hugawiwa watu wote, na jioni wote huamka pamoja. Dishi la satelaiti halihitaji mnara wowote, lakini mnunuzi aulize satelaiti yenyewe iko umbali gani. Zile zinazoonekana kutulia mahali pamoja angani ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na zaidi ya nusu sekunde hupotea njiani kila mara. Kwa kupakia fomu si tatizo. Kwa mazungumzo ya video ni kero. Mvua kubwa za masika nazo huweza kudhoofisha mawimbi ya dishi.

Antena inayotazama mnara wa mbali inahitaji maelezo marefu zaidi, maana hapo ndipo mteja na mtoa huduma hubishana bila kuelewana. Antena hizo hutaka njia iliyo wazi. Mkoko mmoja mrefu uliosimama katikati hutosha kuleta usumbufu, na mti hukua. Lakini lipo jambo jingine ambalo mafundi waliozoea kufunga vifaa bara huenda wasilifikirie mapema. Mawimbi ya redio yanapopita juu ya maji, sehemu yake huruka moja kwa moja hadi kwenye antena, na sehemu nyingine hugonga uso wa maji kama mwanga unavyogonga kioo, kisha huifikia antena ileile kwa njia ndefu kidogo. Yakikutana vibaya, hufutana. Maji yanapojaa na kupwa, uso huo wa kioo hupanda na kushuka, na mtandao uliokuwa mzuri asubuhi hudhoofika saa chache baadaye, kisha hurejea bila mtu kugusa kitu.

Dalili yake inatambulika, na mkazi wa delta ana vifaa vya kuitambua kuliko mtu wa ofisini. Maji hujaa takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25, hivyo saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika zipatazo 50 kila siku. Ikiwa tatizo la mtandao nalo linasogea hivyo hivyo, na linazidi wakati wa bamvua kuliko wakati wa maji mafu, chanzo si kifurushi kilichokwisha wala ruta mbovu. Ni mahali na kimo cha antena. Dawa yake ni kazi ya fundi: kuihamisha, kuipandisha au kuishusha, kuiweka mahali ambapo nchi kavu au miti inakinga mwangwi wa maji, au kuongeza antena ya pili katika kimo tofauti. Kumwambia mteja azime ruta na kuiwasha si dawa.

Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba kabla ya kulipa gharama za kufungiwa, mteja aombe majaribio yafanyike maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, na matokeo yaandikwe. Fundi aliyefika kwa boti asubuhi na anayetaka kurudi kabla maji hayajatoka hatapenda ombi hili. Liombwe hata hivyo, tena mapema, ili alale.

Mkataba nao usomwe kwa jicho la mtu wa visiwani. Neno “hadi” linapotangulia kasi, kwa mfano “hadi megabiti 8 kwa sekunde”, maana yake ni kilele na wala si ahadi. Mteja aulize kiwango cha chini ambacho mtoa huduma yuko tayari kukiandika. Akumbuke pia kwamba kasi hupimwa kwa megabiti na mafaili kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Faili la megabaiti 40 kwenye kasi hiyo huchukua sekunde 40, endapo kasi itafikiwa. Vifaa viwe vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, na mkataba useme ni mali ya nani huduma ikikoma. Chumvi ya hewani hula viungio vya waya. Iandikwe kama dhamana inahusu kutu.

Swali tunaloliona kuwa zito kuliko yote ni dogo kulitamka: nani analipa boti? Ahadi ya “fundi kufika ndani ya saa 48” haina uzito kama saa hizo zinaanza kuhesabiwa akiwa Nyamisati, au kama nauli ya chombo ni juu ya mteja. Mteja ahakikishe mkataba unataja saa zinaanza kuhesabiwa lini, nauli ni ya nani, na ada ya mwezi inapunguzwa kiasi gani huduma isipopatikana.

Huduma ikishafungwa, mfanyabiashara aweke daftari la kawaida la duka. Kila mtandao unapokatika aandike tarehe, saa, hali ya maji, mvua kama ipo, na taa zipi za ruta zinawaka. Kabla ya kupiga simu, ajiridhishe kwamba betri ya umeme wa jua haijashuka na kwamba salio halijaisha. Wenye vifurushi vya data hustahili kupata taarifa wanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya matumizi. Iwapo simu za mitandao mingine nazo hazipati intaneti, huenda tatizo ni la nchi, kama ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na Watanzania wengi wakakosa mtandao. Siku kama hiyo hakuna fundi wa kumwita Kiongoroni.

Tatizo likiwa la mtoa huduma, lalamiko lifikishwe kwake kwanza, kwa maandishi inapowezekana, na mteja adai namba ya kumbukumbu. Asikubali kuambiwa “tumelipokea” bila namba, kwani mazungumzo ya simu yasiyo na namba ni vigumu kuyathibitisha. Asiporidhika, alifikishe TCRA, akiambatisha nakala ya mkataba, risiti, namba hiyo ya kumbukumbu na kurasa za daftari. Sheria ya TCRA ya mwaka 2003 humtambua kama mtumiaji kila anayetumia huduma zinazodhibitiwa, awe amenunua kwa ajili ya nyumba yake au duka lake. Asikubali kuambiwa kwamba mteja wa biashara hana pa kulalamikia.

Mteja mmoja huweza kujibiwa kwamba yuko peke yake mwenye tatizo. Zahanati, shule na maduka yanayotumia mnara uleule yanaweza kuandika madaftari yao na kuyawasilisha kwa pamoja, kila mmoja akiwa na namba yake ya kumbukumbu. Saa za kukatika zikilingana, mtoa huduma ana jambo la kueleza kuhusu mnara wake. Zisipolingana, fundi aanzie kwenye antena ya duka.