Taa Ndani ya Seli (3): Konyeza na Aliyeachwa Nje

Wasomaji mliofuatana nami tangu mwanzo mnajua asidi amino, yaani viungo vinavyojenga protini. Leo nilikusudia kueleza namna ya kuziona zikiwa kazini katika seli hai. Lakini kwanza siwezi kumpita mzee Osamu Shimomura, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2008, bila kumtaja.

Mwaka 1961 alikwenda Friday Harbor, Marekani, kutafuta kinachomfanya konyeza awake gizani. Aliwavua kwa nyavu, akawakata kingo kwa mkasi, akazikamua kitambaani. Siku moja alimwaga mabaki kwenye sinki, nalo likawaka buluu: humo mlikuwa na maji ya bahari, na kalsiamu yake ndiyo iliyowasha. Pembeni ya protini iliyowaka hivyo kulikuwa na nyingine, kidogo mno, inayopokea mwanga wa buluu na kuutoa kijani. Aliitaja katika ripoti ya 1962. Jeni yake ilichapishwa miaka thelathini baadaye! Wafadhili wetu wanaodai matokeo kila robo mwaka wangemfukuza.

Aliyeipata jeni hiyo ni Douglas Prasher. Fedha za utafiti zilipomwishia, aliwagawia nakala Martin Chalfie na Roger Tsien, ambao mwaka 2008 walituzwa pamoja na Shimomura. Wakati huo Prasher alikuwa akiendesha gari la kubebea wateja wa muuza magari huko Alabama. Kanuni za Nobel haziruhusu zaidi ya watu watatu, sawa. Vyuo vyetu havifungwi na kanuni hiyo, mbona jina la fundi wa maabara aliyekesha na kazi halionekani?

Nafasi inaniishia, basi turudi kwa asidi amino. Kemikali ya ninhidrini, iliyogunduliwa na Siegfried Ruhemann mwaka 1910, huzipa asidi amino rangi ya zambarau, ila seli haibaki hai. Maabara ya Tsien iliichukua protini ya bakteria inayoshika glutamati, mojawapo ya asidi amino, ikaiweka kati ya protini mbili zilizotokana na ile ya kijani, moja samawati, nyingine njano. Ikishika glutamati hujifunga kama chaza, na uwiano wa rangi hizo hubadilika papo hapo. Seli ya neva iliyopewa jeni hujitengenezea kitambuzi hicho yenyewe, kikakaa juu ya utando wake na kuonyesha glutamati inavyomwagwa. Laisini na alanini hakizijui; kila asidi amino hudai mshikaji wake, na hao tutawafuata juma lijalo.