Kutu Isiyosubiri Mvua: Ukaguzi na Usafishaji wa Mtutu wa Bunduki

Katika maeneo makavu kama kata ya Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu kwa mwaka, mmiliki wa bunduki huweza kudhani kwamba ukavu wa nchi unatosha kuulinda mtutu, ilhali kutu mbaya zaidi huanzia ndani, kwenye masalia ya baruti.

Baruti nyeusi inayotumiwa katika gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, ni mchanganyiko wa shura takribani asilimia 75, makaa 15 na salfa 10, na ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama chembe ngumu, zikiwemo chumvi zinazovuta unyevu wa hewa. Mafuta hayaziyeyushi chumvi hizo, hivyo anayepaka mafuta juu ya masizi huifungia kutu ndani. Ndiyo maana askari wa Uingereza waliotumia raifo za Lee-Enfield, ambazo fataki za risasi zao nazo ziliacha chumvi, walifundishwa kumimina maji ya moto mtutuni kabla ya kupaka mafuta.

Ukaguzi hutanguliwa na kuhakikisha kwamba silaha ni tupu. Kwa gobore, mdeki, yaani ufito wa kushindilia, hutiwa alama inayolingana na mdomo wa mtutu ukiwa mtupu. Alama hiyo ikibaki juu, ndani mna kitu. Kwa raifo, bolti hutolewa na mtutu kutazamwa kutoka nyuma ukielekezwa kwenye mwanga: mifereji inayoizungusha risasi ionekane yenye kingo kali, vishimo vyeusi ni kutu iliyokwisha kula chuma, na kivuli cha duara kamili huashiria mtutu uliovimba, ambao haufai kupigwa tena. Uchakavu wa joto na shinikizo huanzia mbele ya chemba, mahali risasi inapokaa, ilhali ule wa mdomoni mara nyingi husababishwa na ufito unaosugua kingo wakati wa kusafisha.

Baada ya kupiga baruti nyeusi, mtutu huoshwa siku hiyohiyo kwa maji ya moto, husuguliwa kwa brashi, hufutwa kwa vitambaa hadi kitambaa kitoke kikavu na cheupe, kisha hupakwa mafuta mepesi, ambayo hufutwa kabla ya kupiga tena.

Kusugua huondoa kutu ya juu, lakini hakurudishi chuma kilicholiwa. Kwa hiyo mmiliki halali, ambaye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka awe na leseni, aache kuitumia bunduki yenye mtutu uliovimba, kupasuka au kuliwa na kutu, na aipeleke kwa fundi anayetambuliwa kisheria.