Uraia, Asili na Ardhi: Mashaka ya Masisi na Walikale kabla ya Kura ya Maoni ya 2005

Makala haya yanaeleza chanzo cha mashaka yaliyokuwapo Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, kabla ya kura ya maoni ya tarehe 18 na 19 Desemba 2005. Wananchi waliulizwa kama wanaikubali au wanaikataa katiba mpya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika maeneo hayo mawili, swali hilo lilibeba swali jingine la zamani: nani ni mwana wa nchi, na tangu lini?

Ibara ya 10 ilijibu kwamba Mkongomani wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru, mwaka 1960. Kauli hiyo haikubuniwa na waandishi wa katiba. Ilikuwamo katika Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999, ikajadiliwa upya Sun City mwaka 2002, kisha ikaingizwa katika sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004. Yaani, kabla ya kuwa sheria ilikuwa sharti la kusimamisha vita, na masharti ya namna hiyo hudumu kadiri nguvu za waliopatana zinavyodumu.

Historia iliwapa watu sababu ya kutilia shaka. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda na kuzikalisha katika ardhi ya Wahunde. Baada ya uhuru, tarehe ya kupimia uraia ilibadilishwa mara kwa mara. Katiba ya 1964 iliiweka tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1972 ikawapa uraia kwa jumla watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kivu tangu kabla ya 1 Januari 1950. Sheria ya 1981 ikafuta ruhusa hiyo na kurudi nyuma hadi 1 Agosti 1885. Ile ya 2004 ikaja mbele hadi uhuru. Hivyo mtu aliyezaliwa Masisi mwaka 1945, wa wazazi waliohamishwa na Wabelgiji, angeweza kuhesabiwa mgeni mwaka 1964, raia mwaka 1972, mgeni tena mwaka 1981 na raia mwaka 2004, pasipo kuondoka kijijini kwake.

Kwa upande wa pili, Wahunde, Wanyanga na majirani zao walikuwa na hofu yao. Uraia ukitolewa kwa wingi, je, kura nyingi hazitaleta utawala, na utawala hautaleta ardhi? Damu iliyomwagika kuanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, na kuenea hadi Masisi, ilikuwa bado kumbukumbu ya karibu kwa pande zote.

Lugha nayo iliongeza uzito. Katika Kifaransa cha sheria, uraia wa asili ni ule ambao mtu huwa nao tangu kuzaliwa, tofauti na ule unaoombwa baadaye. Lakini katika Kiswahili neno *asili* lina maana pana zaidi: ni shina, ni chimbuko, ni mahali walipozikwa mababu. Anayesikia "Mkongomani wa asili" aweza kuelewa "mwenyeji wa hapa," naye mwenyeji wa hapa ndiye mwenye mashamba. Ibara iliyokusudiwa kueleza uhusiano wa mtu na Dola husikika kama hukumu ya kesi ya shamba. Nayo kesi hiyo katiba haikuiamua: ibara ya 9 inaliachia Dola mamlaka juu ya ardhi, ilhali vijijini machifu wa kimila waliendelea kuigawa.

Katiba ilikubaliwa kwa zaidi ya asilimia 84 ya kura nchini kote, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Mwaka 2007 Masisi ilikuwa tena uwanja wa mapigano. Wenye mashaka, basi, hawakuwa wajinga wa sheria. Waliijua mno tabia yake ya kubadilika. Ibara ya 142 inaitaka Serikali isambaze sheria katika Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Mfano wa *asili* unaonyesha kwamba tafsiri peke yake haitoshi. Msomaji wa Masisi au Walikale anapaswa pia kuelezwa neno hilo linampa nini, na halimpi nini.